Faini za wanasoka na mizani isiyotulia

Faini katika soka la kulipwa ni adhabu ya fedha anayotozwa mchezaji aliyevunja kanuni, nayo hutofautiana na kadi nyekundu au kufungiwa mechi kwa kuwa haimtoi uwanjani bali humgusa mfukoni tu. Mwenye mamlaka ya kuitoza si mmoja. Klabu humtoza mchezaji kwa mujibu wa mkataba wa ajira, chama cha soka cha nchi humtoza kwa mujibu wa kanuni za mashindano yake, na shirikisho la bara, kama UEFA huko Ulaya, humtoza kwa yale yanayotendeka katika michuano inayoisimamia. Na kwa kuwa kila mmoja kati ya hao ana kitabu chake cha kanuni, kamati yake na maslahi yake ya kulinda, mfuatiliaji wa kawaida wa habari za michezo hukutana mara kwa mara na viwango vya faini ambavyo, vikiwekwa bega kwa bega, havielewani hata kidogo. Maelezo yanayotolewa vijiweni ni ya upendeleo: kwamba fulani ameonewa kwa sababu ya rangi, klabu au jina lake. Upendeleo upo, na hakuna haja ya kuukana, lakini rekodi za miaka kumi na mitano iliyopita zinaonyesha jambo jingine lililo la kimfumo zaidi, nalo ni kwamba vyombo vya nidhamu huadhibu kwa wepesi na kwa uzito kile kinachopimika au kinachoonekana waziwazi kwenye kamera na simu, ilhali kosa linalodai ushahidi wa nia, wa maneno au wa umati huishia kupunguziwa bei.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mashindano ya Euro ya mwaka 2012, yaliyofanyika Poland na Ukraine. Tarehe 13 Juni mjini Lviv, mshambuliaji wa Denmark Nicklas Bendtner aliifungia timu yake bao la pili dhidi ya Ureno, na katika kushangilia akapandisha jezi na kuteremsha bukta kidogo hadi ukaonekana mkanda wa chupi ya kijani yenye jina la Paddy Power, kampuni ya kubashiri ya Ireland ambayo haikuwa mdhamini wa mashindano. Denmark ilifungwa 3–2, na siku chache baadaye UEFA ikamtoza Bendtner euro 100,000 pamoja na kumfungia mechi moja. Katika mashindano hayohayo mashabiki wa Croatia walimwimbia maneno ya kibaguzi mshambuliaji wa Italia Mario Balotelli, na shirikisho lao likatozwa euro 80,000 kwa makosa ya mashabiki kwa ujumla wake, huku Hispania ikitozwa euro 20,000 na Urusi euro 30,000 kwa nyimbo za kibaguzi za mashabiki wao. Kwa hesabu hiyo, mchezaji mmoja aliyeonyesha chupi alilipa mara mbili ya kile ambacho mashirikisho mawili makubwa ya Ulaya yalilipa kwa pamoja kwa ajili ya ubaguzi wa majukwaani.

Miezi michache kabla ya hapo hesabu ilikuwa imekwisha kuchekesha. Katika Ligi ya Europa, Porto ilitozwa euro 20,000 kwa kelele za kibaguzi dhidi ya wachezaji wa Manchester City, kisha Manchester City yenyewe ikatozwa euro 30,000 kwa kuchelewa kurejea uwanjani baada ya mapumziko katika mechi dhidi ya Sporting ya Ureno, kuchelewa ambako hakukufika hata dakika moja.

UEFA ilikuwa na hoja yake, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa kabla ya kubezwa. Kampuni zinazodhamini mashindano hulipia haki ya kuonekana peke yake, na mtu akipenyeza tangazo la mshindani wake bila kulipa, jambo linalojulikana katika biashara kama kuvizia matangazo, thamani ya mikataba yote inatikisika. Aidha, makosa ya aina ya Bendtner na ya Manchester City huhukumiwa bila kuchunguza nia: picha inatosha, saa ya mwamuzi inatosha, na mchezaji hata akidai, kama alivyodai Bendtner, kwamba ile ilikuwa chupi yake ya bahati na kwamba hakujua anavunja kanuni, kosa limekwisha kuthibitika. Kosa la ubaguzi, kinyume chake, lilihitaji kuonyesha nani aliimba, walikuwa wangapi, walisikika vipi na shirikisho lilifanya nini kuwazuia, na kila swali lililokosa jibu kamili liligeuka kuwa sababu ya kupunguza faini. Hata hivyo hoja hiyo inaeleza tu kwa nini ilikuwa rahisi kumpata Bendtner na hatia. Haielezi kwa nini, baada ya hatia zote kuthibitika, chupi ilionekana kuwa ghali zaidi. Paddy Power, kwa upande wake, ilitangaza kwamba ingemlipia mchezaji huyo faini yake, na kwa kampuni iliyopata kutajwa na vyombo vya habari vya dunia nzima kwa wiki nzima, euro 100,000 haikuwa adhabu bali gharama nafuu ya tangazo.

Nchini England mambo yana sura nyingine, kwa kuwa Chama cha Soka cha England, FA, hupeleka kesi zake nzito kwenye kamati huru za nidhamu, yaani jopo la watu watatu hivi, mara nyingi likiongozwa na mwanasheria, ambalo husikiliza pande zote mbili na kutoa hukumu yenye sababu zilizoandikwa. Kamati hizo hazitumii kiwango cha ushahidi cha mahakama za jinai, ambacho hudai kosa lithibitishwe pasipo shaka ya maana, bali hutumia kile cha kesi za madai, kinachouliza tu ni maelezo yapi yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo maana John Terry wa Chelsea, aliyeachiwa huru na mahakama jijini London mwezi Julai 2012 katika shitaka la kumtolea Anton Ferdinand wa Queens Park Rangers maneno ya kibaguzi, alipatikana na hatia mbele ya kamati ya FA miezi miwili baadaye kwa tukio lilelile, bila ya hukumu ya pili kupingana kisheria na ya kwanza.

Kesi ya Terry husomwa vizuri zaidi ikiwekwa kando ya kesi ya Luis Suárez wa Liverpool, aliyemtolea maneno ya kibaguzi Patrice Evra wa Manchester United, kwa sababu matukio yote mawili yalitokea mwezi Oktoba 2011, moja tarehe 15 na jingine tarehe 23, chini ya kanuni ileile. Suárez alifungiwa mechi nane na kutozwa pauni 40,000. Terry alifungiwa mechi nne na kutozwa pauni 220,000. Tofauti ya mechi ina maelezo: kamati iliyomhukumu Suárez iliridhika kwamba alilitaja neno linalohusu rangi mara saba, wakati tuhuma ya Terry ilikuwa ya kauli moja. Lakini iwapo kosa la Suárez lilikuwa zito mara mbili kwa mechi, ni vigumu kuona limekuwaje jepesi kwa fedha kiasi cha kutofikia hata moja ya tano ya faini ya Terry. Pengine jibu limo katika kipato, kwa kuwa kamati hutazama mshahara wa mkosaji zinapopanga kiasi cha faini, na nahodha wa Chelsea alikuwa miongoni mwa wachezaji waliolipwa vizuri sana wakati huo. Ila hata tofauti hiyo ya mishahara haitoshi kuziba pengo la pauni 180,000.

Kilichofuata kilizidi kuvuruga mizani. Ashley Cole, beki wa Chelsea aliyetoa ushahidi katika kesi ya Terry, aliona kamati imeutilia shaka ushahidi wake, akaandika Twitter ujumbe wa kuwatukana FA, akaufuta, akaomba radhi siku hiyohiyo, na mwezi Oktoba 2012 akatozwa pauni 90,000. Rio Ferdinand, kaka yake Anton, yeye alikuwa ametozwa pauni 45,000 mwezi Agosti kwa kuufurahia mtandaoni ujumbe wa mtu mwingine uliomkejeli Cole kuwa ni mweusi wa nje na mweupe wa ndani. Mtu akizipanga faini hizo kwa ukubwa, atakuta kuwatukana viongozi wa soka kulikuwa ghali zaidi ya mara mbili kuliko kumtukana mchezaji mwenzako kwa rangi yake mara saba, na kwamba kaka wa mtu aliyetukanwa alilipa pauni 5,000 zaidi ya Suárez. Hapa tena ujumbe wa mtandaoni una sifa ileile ya chupi ya Bendtner: una tarehe, una saa, una jina la mwandishi, na hauhitaji shahidi.

FA haikukaa kimya mbele ya lawama hizo. Mwaka 2013 iliweka kiwango cha chini cha kufungiwa mechi tano kwa makosa ya ubaguzi, na mwanzoni mwa mwaka 2014 Nicolas Anelka wa West Bromwich Albion akaguswa na kiwango hicho, alipofungiwa mechi tano na kutozwa pauni 80,000 kwa ishara ya mkono inayohusishwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Kiwango cha chini kina faida ya kuondoa mashaka, lakini kina hasara ya kuikosesha kamati nafasi ya kutofautisha chuki na ujinga, kwa hiyo haukupita muda mrefu milango ya pembeni ikafunguka kwa makosa ya mtandaoni. Bernardo Silva wa Manchester City, aliyemfananisha kwa picha rafiki yake Benjamin Mendy na kibonzo cha mtoto mweusi kwenye nembo ya peremende, alifungiwa mechi moja na kutozwa pauni 50,000 mwezi Novemba 2019. Mwaka mmoja baadaye Edinson Cavani wa Manchester United, aliyemshukuru rafiki yake kwa Kihispania kwa kumwita “negrito”, neno ambalo kwao Uruguay huweza kuwa la mapenzi, alifungiwa mechi tatu na kutozwa pauni 100,000. Katikati ya kesi hizo mbili FA ilikuwa imekaza mwongozo wake wa adhabu kwa makosa ya mtandaoni, jambo linaloeleza ongezeko hilo kikamilifu kwa mwanasheria na halielezi chochote kwa shabiki, ambaye ameona tu kwamba mzaha wa kukusudia umelipiwa nusu ya bei ya salamu.

Ni katika kamari, hata hivyo, ndipo uhusiano kati ya faini na muda wa kufungiwa unapogeuka juu chini. Kanuni za England humkataza mchezaji wa kulipwa kubashiri mechi yoyote ya soka popote duniani, na pia kumpa mtu mwingine taarifa za ndani, yaani taarifa ambazo umma haujazipata, kama vile habari za uhamisho wake, ili mtu huyo azitumie kubashiri. Daniel Sturridge, aliyekuwa Liverpool wakati wa tukio, alishitakiwa kwa taarifa za aina hiyo. Kamati ya kwanza ilimpa wiki sita za kufungiwa, nne kati yake zikiwa za masharti, na faini ya pauni 75,000, kisha FA ikakata rufaa, na mwezi Machi 2020 bodi ya rufaa ikaigeuza adhabu kuwa miezi minne na pauni 150,000. Kieran Trippier, kwa kosa la jamii hiyohiyo, alifungiwa wiki kumi na kutozwa pauni 70,000 mwezi Desemba mwaka huohuo. Ivan Toney wa Brentford, aliyekiri makosa 232 ya kubashiri, alifungiwa miezi minane mwaka 2023 lakini akatozwa pauni 50,000 tu, yaani aliyefungiwa muda mrefu kuliko wote ndiye aliyelipa kidogo kuliko wote. Kesi yake ilizingatia ushahidi wa daktari kwamba alikuwa na uraibu wa kamari, na kukiri kwake pia kulimpunguzia adhabu, na hayo ni mambo ambayo mahakama yoyote yenye busara ingeyazingatia. Kinachokera zaidi ni mandhari yenyewe: katika msimu aliofungiwa, Toney alikuwa akivaa kila wiki jezi yenye jina la kampuni ya kubashiri kifuani. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana habari hii, kwa kuwa SportPesa, kampuni iliyoanzia Kenya, iliwahi kuandikwa kwenye jezi za Everton, Gor Mahia, Simba na Yanga, na ndiyo iliyoileta Everton ya Wayne Rooney jijini Dar es Salaam mwezi Julai 2017 kucheza na Gor Mahia. Mchezo unaoishi kwa fedha za kubashiri una haki ya kumkataza mchezaji asibashiri, lakini hauna uso wa kushangaa anapoteleza.

Ngazi ya tatu, ile ya klabu, ndiyo yenye giza zaidi, kwa sababu adhabu zake ni siri ya mwajiri na mwajiriwa. Mkataba wa kawaida wa mchezaji wa England huiruhusu klabu kumtoza hadi mishahara ya wiki mbili kwa kosa la kwanza, na hadi ya wiki nne akirudia ndani ya miezi 12. Zaidi ya hapo chama cha wachezaji, PFA, lazima kikubali. Kanuni hiyo ilipimwa hadharani mwaka 2011 na Carlos Tevez. Usiku wa tarehe 27 Septemba mjini Munich, Manchester City ikiwa nyuma dhidi ya Bayern, kocha Roberto Mancini alimtaka Tevez aendelee kupasha misuli moto, naye akabaki benchi. Baada ya mechi Mancini alitamka kwamba kwake yeye habari za mchezaji huyo zimekwisha. Klabu ilitaka faini ya wiki nne, PFA ikaona kwamba kukataa kupasha misuli si sawa na kukataa kucheza, na faini ikashuka hadi wiki mbili. Tevez akaondoka bila ruhusa kwenda Argentina na kukaa huko takriban miezi mitatu, kosa lililomgharimu fedha nyingi zaidi. Mwezi Februari 2012 aliomba radhi, mwezi Machi akarejea uwanjani, mwezi Aprili akafunga mabao matatu dhidi ya Norwich, na tarehe 13 Mei City ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mchezaji wa akiba ambaye hana mabao ya kutoa angekuwa na safari fupi zaidi kutoka Argentina hadi kuvunjiwa mkataba, na hilo si lawama kwa Mancini peke yake, kwa kuwa kocha hulipwa kwa pointi, si kwa nidhamu.

Hata pale klabu inapotoza kila mtu sawasawa, usawa huo huwa wa karatasini. Orodha ya faini iliyowekwa na Frank Lampard alipokuwa kocha wa Chelsea ilivuja kwa vyombo vya habari mwaka 2019: pauni 20,000 kwa kuchelewa mazoezini, pauni 500 kwa kila dakika ya kuchelewa kikao cha timu, pauni 1,000 kwa simu kulia wakati wa chakula au kikao. Kikosi cha msimu ule kilikuwa na mastaa wa miaka mingi pamoja na vijana wengi waliopandishwa kutoka akademi. Tuchukue wachezaji wawili wa kufikirika, mmoja analipwa pauni 200,000 kwa wiki na mwingine pauni 5,000: wa kwanza akichelewa mazoezini anapoteza sehemu moja ya kumi ya mshahara wa wiki, wa pili anafanya kazi bure mwezi mzima, na faini yake yenyewe inavuka mpaka wa wiki mbili uliowekwa na mkataba. Finland iliupatia ufumbuzi ugumu huu zamani kwa kutoza faini za barabarani kwa kuhesabu siku za kipato badala ya kiasi maalumu, hata mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia akaandikiwa euro 116,000 kwa mwendo kasi wa pikipiki, kiasi kilichopunguzwa baadaye alipoonyesha kwamba kipato chake kilikuwa kimeshuka. Mfumo wa wiki za mshahara unaotumiwa na klabu za England unakaribiana na huo, na kwa haki unaizidi orodha yoyote yenye bei zilizokwisha kupangwa.

Katika Ligi Kuu ya Tanzania bara mkono wa kwanza wa nidhamu ni Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, inayojulikana zaidi kwa jina la Kamati ya Saa 72, ambayo hupitia ripoti za waamuzi na makamishna na kutoza klabu, viongozi na wachezaji. Makosa yanayojirudia katika taarifa zake ni yaleyale yanayoonekana kwa macho: timu kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, kuchelewa kufika, vitendo vinavyohusishwa na imani za kishirikina. Faini ya laki tano kwa Simba au Yanga ni fedha ya mafuta ya basi. Kwa timu ya mkoani iliyopanda daraja msimu huu inaweza kuwa posho ya wachezaji wote kwa safari moja.

Si kweli kwamba tiba ya haya yote ni kuwa na bei moja kwa kila kosa, kwa kuwa kesi ya Toney inaonyesha jinsi mazingira ya mkosaji yanavyoweza kustahili kuhesabiwa. Kinachoweza kudaiwa ni hesabu yenyewe ionekane. FA imekwenda mbali kuliko wengine kwa kuchapisha sababu za hukumu zake, na ile ya Suárez ilikuwa na kurasa 115, zenye kila neno lililosemwa golini pa Anfield na maelezo ya wataalamu wa Kihispania cha Amerika ya Kusini. UEFA mwaka 2012 iliridhika na taarifa fupi, na klabu hazitoi chochote hadi karatasi ivuje. Lakini hata katika hukumu za England, msomaji anayefika kwenye aya ya faini kwa kawaida hukuta tarakimu moja isiyokuwamo, au iliyozibwa kwa wino mweusi: mshahara wa mchezaji, ambao kamati imeuona, imeutumia katika kupanga kiasi, na kisha imeurudisha kwenye bahasha.